Tupeane uzoefu: wazee wetu waliopigana Vita vya Kagera walivyoishi nasi nyumbani

Wakuu, salaam. Vita vya Kagera, kati ya Tanzania yetu na Uganda ya Idi Amin, vimesimuliwa sana upande wa makamanda na mizinga. Naomba leo tusimulie upande wa nyumbani. Baba, babu au mjomba aliyevuka Mto Kagera kwenda vitani na kurudi salama, aliishije na mkewe na watoto? Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 leo anakaribia 70, na kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, wazee wa nishani wanazidi kupungua. Tuwasimulie wangali hai, na waliotangulia tuwakumbuke.

Naanza na marehemu baba. Alikuwa JWTZ, jeshi letu la ulinzi, tangu kabla ya vita. Majeshi ya Amin yalipoteka eneo la kaskazini mwa Mto Kagera na kulilipua daraja la Kyaka, kikosi chake kiliondoka usiku, mama akiwa na mimba ya dada yangu. Wengi wenu mnayakumbuka maneno ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, kwamba sababu tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Mama aliyasikia redioni, peke yake.

Baba aliporudi, dada alikuwa anatembea, na kila akimwona alikimbilia nyuma ya mama akimwita "yule askari". Mzee hakulazimisha. Jioni alivua kombati kabla ya kuingia ndani, akavaa shati la kawaida, akaketi pembeni mwa mkeka akimenya chungwa. Hakumwita mtoto. Aliweka kipande kimoja kwenye mkeka, akageukia pembeni kuzungumza na mama. Kesho yake aliweka kingine, karibu zaidi na miguu yake mwenyewe. Mama anasema iliendelea hivyo mpaka dada alipokuja mwenyewe kudai chungwa zima. Mimi sijaona ujasiri wa mtu mwenye bunduki unaozidi subira ile.

Karibuni, kila mtu na mzee wake.

BINTI WA MGAMBO
Asante kwa mada, mkuu. Naomba tusiwasahau ambao jeshi halikuwa ajira yao. Baba yangu alikuwa mkulima na mgambo wa kijiji. Walikwenda yeye na wenzake wengi, pamoja na vijana wa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), polisi na askari magereza.

Alikuwa Lukaya, huko Uganda, pale kwenye kinamasi barabara ya Masaka kwenda Kampala. Jioni ya Machi 10, 1979, walipigwa maroketi na majeshi ya Amin yakisaidiwa na Walibya, wakatawanyika gizani, wengi wao wakiwa hawajawahi kusikia mlio wa namna ile. Alfajiri Brigedi yetu ya 208 ikaja kupiga kutoka ubavuni na mambo yakageuka. Mwenziwe wa kijiji kimoja hakuiona asubuhi hiyo.

Basi kila mavuno, kabla gunia halijaingia ghalani kwetu, moja lilikwenda kwa mjane. Ada za watoto wale zilitajwa mezani pamoja na zetu, na mama hakuwahi kunung'unika. Mkubwa wao alipoolewa, baba ndiye aliyekaa na wazee kupokea posa. Mjomba alipomuuliza anabeba mzigo wa watu mpaka lini, alijibu, "Angekuwa yeye amerudi, angewalea wanangu." Mazungumzo yakaishia hapo.

MJUKUU WA SAJENTI
Kwetu babu kila usiku alisimama mlangoni na kusema "Hesabu!" Tunaitikia moja, mbili, tatu hadi mdogo kabisa. Namba ikikosekana hakuna taa inayozimwa. Mwaka alipofariki, shangazi ndiye aliyehesabu.

NYOTA YA KASKAZINI
Nimesoma nikafurahi, ila tuseme na mengine. Si wote waliorudi na utulivu. Baba alishtuka hata mlango ukigongwa na upepo, na usiku mwingine alilala barazani akiwa na viatu. Wakati ule hapakuwa na mtu wa kumweleza hali hiyo, na majirani walisema ni pombe ilhali hakuwa mnywaji. Mama alitufundisha tusimguse akiwa amelala. Simama mbali, mwite kwa upole, "Baba, kumekucha", subiri afumbue macho. Mpaka leo ndivyo ninavyowaamsha wanangu. Alitupenda sana, na ilimgharimu kutuonyesha. Huyo naye ni shujaa, nataka awemo kwenye uzi huu.

MWANZISHA MADA
Nyota, awemo, na tena mbele kabisa. Asante kwa kumleta.

Kwa wenye wazee hai: msianze na maswali ya mapigano, mzee atanyamaza. Anzeni na picha. Muulizeni nani kasimama kulia, nani alikuwa mpishi wao, barua zilifikaje. Andikeni majina na kikosi nyuma ya picha kabla hajachoka. Na mwenye nafasi ampeleke mzee Kaboya, pale Muleba, kwenye makaburi ya wenzake. Wapo wanaotamani kufika na wanaona aibu kuomba nauli.

Binti wa Mgambo, huyo mwenziwe mzee alikuwa kikosi gani? Kwenye daftari la baba kuna majina ya mgambo waliokuwa Lukaya. Nitumie jina lake faraghani nilitafute.