Kijikasha cha Unguja cha kumpelekea mama mkwe: nitajuaje kama mbao ni ya kweli?

Binti_Kinondoni:
Habari zenu wadau. Mwezi ujao tunakwenda Ujerumani kwa wazazi wa mume wangu, na mama mkwe ameshasema khanga basi, anazo za kufungulia duka. Niko Unguja wiki hii kikazi. Nimezunguka mitaa ya Gizenga na Hurumzi, Mji Mkongwe, nikaona vijikasha vya mbao vilivyopigwa shaba, vya kutosha hereni na bangili. Kimoja nimeambiwa laki mbili na themanini, muuzaji anaapa ni mvule na kina umri wa miaka mia. Duka la pili yake kuna kingine, sura ileile, elfu tisini. Mimi sioni tofauti. Niangalie nini?

Teja_wa_Bei:
Chukua cha elfu tisini, mshushe mpaka sitini. Mzungu hatajua.

Fundi_Ngambo:
Atajua, tena kabla mwaka haujaisha.

Skiza dada. Mie nimekulia kwenye karakana ya makasha na mpaka leo ndiyo kazi yangu. Usianze na shaba, maana shaba ndiyo imewekwa ikuvute. Kipindue. Chini na ndani ndiko fundi mvivu hapitishi msasa wala rangi. Ukikuta juu kahawia iliyokolea na chini mbao nyeupe, huo mwembe umepakwa rangi. Mwembe si haramu, ila uuzwe kwa jina lake na bei yake, na wadudu wanaupenda. Ukiona vitundu vya kama ncha ya sindano, kigonge mezani. Kikimwaga unga laini, kirudishe rafuni.

Mvule ukipasuliwa leo una umanjano, kadiri unavyokaa ndivyo unavyoiva ukawa kahawia. Mfenesi nao hivyo hivyo, na wauzaji wengi wanachanganya, wengine kwa makusudi. Ukiuziwa mfenesi ukadhani mvule, usilie sana, ni mbao njema.

Halafu fungua kifuniko utazame pembe kwa ndani. Pembe nzuri zimeumana meno kwa meno. Pembe mbovu ni mbao mbili zimegongwa misumari na gundi, kisha kipande kinene cha shaba kikawekwa kuziba aibu.

Hiyo shaba yenyewe ijaribu kwa sumaku, hata ile ya kubandika kwenye friji. Shaba haishikwi na sumaku. Ikinasa, ujue ni bati la chuma lililopakwa umanjano, litakula kutu.

Ama hiyo miaka mia, mwombe akuonyeshe skrubu za bawaba. Skrubu yenye kichwa cha msalaba imeingia sokoni miaka ya 1930, kwa hiyo kasha lenye skrubu hizo limesingiziwa uzee, au bawaba zimebadilishwa. Makasha ya kale mengi yalikuja na majahazi ya kaskazi kutoka Surat na Bombay, makubwa, ya msaji, mengine yana droo tatu chini, ya kuwekea nguo za bi harusi. Hivi vidogo vya hereni tunawatengenezea wageni. Mie ninavitengeneza na sioni haya. Ninachokataa ni kumzeesha mtoto wa juzi.

Binti_Kinondoni:
Kaka, nimerudi na sumaku. Cha laki mbili na themanini IMENASA! Muuzaji kaniambia sumaku yangu mbovu. Cha elfu tisini haikunasa, ila chini kina vitundu viwili vitatu. Sasa?

Mswahili_Bremen:
Vyote viwili viache. Na mbao mbichi iogope kuliko vitundu. Nyumba za huku majira ya baridi zinapashwa moto mchana na usiku, hewa inakauka kabisa. Mbao iliyozoea unyevu wa pwani inajikunja na kifuniko hakifungi tena. Mwambie mama mkwe asikiweke juu ya kipasha joto, akipake mafuta ya mbao mara mojamoja. Kwenye ndege kibebe mkononi, ndani ujaze soksi. Kama mtu atakushawishi ununue cha mpingo, jamii yake yote iko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017, lakini bidhaa iliyokwisha tengenezwa, yenye mbao isiyozidi kilo 10, haidaiwi kibali cha mkataba huo.

Fundi_Ngambo:
Bremen kasema kweli. Dada, toka Mji Mkongwe, vuka uje Ng'ambo kwenye karakana yoyote unayosikia randa, uonyeshwe mbao kabla haijawa kasha. Uliza imepasuliwa lini na imekauka wapi. Mwenye mbao kavu ataomba siku tatu nne. Anayekuahidi kesho asubuhi anacho tayari, anataka kukifuta vumbi tu. Na kitasa akupe funguo mbili, za ziada huku hazipatikani kirahisi, sembuse huko Ujerumani.