Naomba ushauri: Shule ya kulipia hapa Amu (mji wa Lamu), karo 15,000 kwa muhula. Je, ndiyo yote?

BiMkomani
Asalaam aleikum wakubwa. Tuna watoto wawili, mmoja anaanza PP1 (darasa la awali), mwengine yuko gredi ya 5 shule ya serikali. Kuna shule ya binafsi mjini, karo tumeambiwa ni 15,000 kwa muhula. Kabla hatujatoa pesa, twataka kujua gharama nyengine zajificha wapi, na huyu mkubwa akihama sasa hataharibikiwa na mitihani?

HesabuZaKaro
Waaleikum salaam Bi. Hiyo 15,000 ni ya masomo peke yake. Mgao wa serikali wa kila mwanafunzi hauingii shule ya binafsi, kwa hivyo umeme, mshahara wa mwalimu na wa mlinzi vyote vyatoka kwa mzazi. Omba orodha ya malipo ya mwaka mzima, kwa maandishi na mhuri. Ya mdomo hubadilika muhula wa pili.

Hesabu ya mfano, mtoto mmoja wa msingi: karo mihula mitatu 45,000, chakula cha mchana 5,500 kila muhula, yaani 16,500, ada ya kuingia 3,000, sare jozi mbili na nguo za michezo 7,500, vitabu 7,000, karatasi za mitihani 1,500 kila muhula, 4,500, safari ya masomo 2,500. Jumla 86,000, na usafiri bado. Ukigawanya kwa tatu ni zaidi ya 28,600 kwa muhula, karibu mara mbili ya ulichoambiwa. Weka bei za shule yako uone.

Uliza pia punguzo la ndugu, maana mna wawili. Mara nyingi hukatwa kwenye karo ya masomo ya mtoto mmoja tu, si chakula wala usafiri, kwa hivyo 10% ya hapo ni 1,500 kwa muhula, si zaidi.

MwalimuWaGredi
Mimi nijibu la mitihani, hapo ndipo watu huumia.

Kwanza, cheti cha usajili cha Wizara ya Elimu. Kwa kawaida hutundikwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Usiangalie jina tu, angalia NGAZI: awali, msingi, sekondari ya chini. Kuna shule zimesajiliwa hadi gredi ya 6 na zinaendelea kufundisha ya 7 kimyakimya. Cheti kikiwa cha muda, soma tarehe ya mwisho.

Pili, shule ni kituo cha mitihani cha KNEC, Baraza la Mitihani? Kama si kituo, mtoto husajiliwa kupitia shule nyingine, na matokeo hutoka kwa jina la shule hiyo. Si mwisho wa dunia, lakini mzazi aambiwe mapema, na aulize siku ya mtihani mtoto atakaa wapi na atafikaje.

Tatu, namba. Mtoto ana UPI, namba yake kwenye mfumo wa Wizara ya Elimu, na namba ya tathmini ya KNEC. Shule mpya isimfungulie nyingine. Imuombe kutoka shule ya zamani na ile ya zamani imwachilie kwenye mfumo. Akiwa na namba mbili, alama za tathmini za gredi ya 4 na ya 5 hubaki kwenye moja na KPSEA, mtihani wa gredi ya 6, kwenye nyingine. Jina lifanane na cheti cha kuzaliwa herufi kwa herufi. Huku kwetu Mohamed huandikwa kwa njia nne, na kila njia ni mtoto mwengine kwa kompyuta.

Kwa nini inahusu: matokeo ya kuingilia sekondari ya juu yana 20% ya KPSEA, 20% ya tathmini za gredi ya 7 na 8, na 60% ya KJSEA, mtihani wa gredi ya 9. Basi ahame sasa, gredi ya 5. Usajili wa KPSEA hufanywa mapema mwaka wa gredi ya 6, na ukishafungwa atafanyia alikosajiliwa.

Walimu wawe na namba ya TSC, tume ya walimu. Uliza wangapi wameondoka tangu Januari. Shule ikikusanya karo vibaya mishahara huchelewa, mwalimu wa hesabu huwa wa kwanza kuondoka, na darasa hukaa wiki kadhaa na kijana wa muda.

NahodhaMdogo
Mkiwa Mkomani mtoto ataenda kwa miguu, mshukuru Mungu. Kwa wasomaji wa Shela, Matondoni au Manda: uliza kama boti ni ya shule au ya kukodi, abiria wangapi, na maboya ya kuvaa ya SAIZI YA MTOTO yapo mangapi. Boya la mtu mzima humtoka mtoto kichwani akiingia majini. Kusi ikichafuka boti haitoki, na pesa ya siku hizo mara nyingi hairudi. Iandikwe.

MamaMaweni_Malindi
Sisi huku balaa ni tuktuk. Gari la shule lazima liwe la manjano. Tuktuk ya mkataba haihesabiwi ya shule, mwenye jukumu ni wewe na dereva. Hesabu watoto inayopakia.

La Ramadhani watu husahau. Sasa yaangukia muhula wa kwanza. Pesa ya chakula ya mwezi huo yasongezwa muhula wa pili au yapotea? Shule nyingi hunyamaza usipouliza. Na kama ni ya elimu ya pamoja na madrasa, uliza vipindi vingapi vya Kurani kwa wiki na nani anafundisha, usije ukalipia madrasa mara mbili.

BiMkomani
Ahsanteni sana, nimeandika yote. Wamesema tulipe ada ya kuingia leo kwa simu ya mwenye shule, nafasi zisijae. Na wakikatalia karatasi za mtoto siku tukihama?

HesabuZaKaro
Kwa simu ya mtu, la. Lipa kwa akaunti au namba ya M-Pesa iliyo kwa jina la shule, uandike jina la mtoto, udai risiti. Ada ya kuingia huwa hairudishwi, kwa hivyo peleka mtoto kwanza akafanyiwe mtihani mdogo wa kuingia, kisha ulipe.

Kuhama: soma kifungu cha notisi. Shule nyingi hutaka muhula mmoja mapema kwa maandishi, bila hivyo hudai karo ya muhula unaofuata. Cheti cha KNEC hakizuiliwi kwa deni, sheria ya KNEC ya 2012 yakataza. Barua ya kuhama na kumwachilia kwenye mfumo ndizo hucheleweshwa, basi malizeni deni, mpate barua ya kutodaiwa, halafu ndipo muombe uhamisho.

Na mdogo wa PP1, msimnunulie vitabu vya mwaka mzima. Mtoto wa miaka minne aweza kukataa shule wiki ya tatu.