Corolla AE101 ya 4A-FE kwa autocross: nianzie wapi?

Mpenda_Vumbi

Wakuu, habari zenu. Nina Corolla AE101 sedani, injini 4A-FE, gia boksi ya mkono ya C50, breki za mbele diski na nyuma dramu. Bodi haina kutu. Nataka kuiandaa kwa autocross (mbio fupi za vumbi) za KMSF, shirikisho la mbio za magari Kenya, daraja la 2WD (magurudumu mawili yanayovuta) lisilo na turbo.

Fundi wangu anataka tuanze na injini: kupanua porti (njia za hewa) za kichwa cha silinda, camshaft (shafti inayofungua valvu) kali, filta ya koni. Pia anasema tulehemu difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) ili magurudumu ya mbele yote mawili yavute pamoja, na rolikeji (keji ya kulinda dereva gari likipinduka) atanitengenezea kwa mabomba ya bei nafuu yaliyopo gereji. Bajeti haitoshi kwa vyote hivyo kwa mkupuo. Nitangulize nini, na niache nini?

---

TE1_E1

Karibu ndugu. Kichwa cha silinda kiache kilivyo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, shinikizo la hewa ni kama 82 kPa wakati pwani ni 101. Karibu moja ya tano ya nguvu imeshapotea kabla hujakanyaga mafuta. Camshaft kali itakunyima nguvu injini ikizunguka polepole, na hizo ndizo zinazokutoa kwenye kona ya gia ya pili. Pesa hiyo nunulia tairi na shoki.

Kwanza jua hali ya injini uliyonayo. Pima compression (shinikizo ndani ya silinda) injini ikiwa moto, plagi zote nne nje, petroli imekatwa, na pedali ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho. Kitabu cha Toyota kinataja 191 psi, na chini kabisa 142, lakini namba hizo ni za usawa wa bahari. Kwa Nairobi, geji ikisoma kati ya 150 na 160 kwenye silinda zote, injini ni nzima, na mtu asikufungulie kwa sababu hiyo. La kukushtua ni tofauti: silinda moja ikiachwa na nyingine kwa zaidi ya psi 14, mwagia kijiko cha oili kwenye ile dhaifu upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, angalia valvu na gasketi ya kichwa.

Nafasi za valvu hupimwa injini ikiwa baridi: za kuingiza hewa 0.15 hadi 0.25 mm, za kutolea moshi fuata kitabu cha injini yako, na hurekebishwa kwa kubadilisha shimu (visahani vyembamba vya chuma). Usitegemee masikio. Valvu iliyolegea hugonga ukaisikia, lakini iliyobana hukaa kimya mpaka inaungua, na injini inayozungushwa kwa kasi huiunguza upesi.

Taiming: injini ikiwa moto, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye kiboksi cha diagnostiki kwa kipande cha waya, elekeza taa kwenye puli, kisha zungusha distribyuta mpaka alama isome nyuzi 10 kabla ya TDC (pistoni ikiwa juu kabisa). Kwa mwinuko wa Nairobi unaweza kusogeza hadi 12, hewa nyepesi inakuruhusu. Ukienda kukimbia pwani, rudisha 10 kabla ya kupakia gari. Na ule waya utoe ukimaliza. Ukibaki, kompyuta haitasogeza taiming inavyotakiwa na gari litakuwa zito.

Sasa vumbi, na hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na fundi wako. Koni iliyo wazi ndani ya boneti inavuta hewa moto na vumbi la gari lililokutangulia. Baki na boksi la filta la kiwandani na filta mpya ya karatasi. Paka grisi nyembamba kwenye ukingo wa raba ya filta, kaza klipu zote, halafu hamisha mdomo wa bomba la kuvutia hewa kutoka kwenye madigadi uje juu, karibu na ukuta wa nyuma wa boneti. Baada ya kila raundi fungua bomba kati ya filta na throto (mlango wa hewa wa injini), pitisha kitambaa cheupe ndani. Kitambaa kikitoka na rangi ya udongo, hewa inapita pembeni ya filta au bomba la raba limepasuka kwenye mikunjo yake. Litanue kwa mikono uangalie ndani ya kila mkunjo, nyufa hujificha humo. Vumbi hilo ndilo linalomaliza ringi na kuta za silinda, na hakuna camshaft itakayofidia.

Rediata: ikiwa ya zamani, weka mpya. Thermostati usiitoe, funga mpya ya nyuzi 82. Kifuniko cha rediata ni kitu kidogo ambacho watu hukidharau. Kwa mwinuko huu maji yasiyo na shinikizo huchemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo kifuniko cha 0.9 bar kikishindwa kushika, injini inachemsha mapema kuliko ingekuwa Mombasa. Feni ya umeme iwekee swichi ya mkono ili uiwashe ukiwa kwenye foleni ya kuanza.

Oili 15W-40 au 20W-50, ijae hadi alama ya F, isizidi. Kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja, pampu ikavuta hewa, na mtu hajui mpaka bearingi zinaanza kugonga. Lehemu vibao vya kuzuia oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), na funga geji ya presha ya oili yenye taa kubwa mbele ya macho. Mshale wa geji ukianguka kwenye kona, achia pedali ya mafuta papo hapo.

---

Mama_Keji

Mimi nitaongelea rolikeji tu, na nakuomba ulichukulie hili kwa uzito. Mabomba ya maji na yale ya fanicha yana mshono wa kulehemu kwa urefu wake. Gari likipinduka, bomba hupasukia kwenye mshono na ncha zake zinaelekea kwa dereva. Kanuni za FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari), Kiambatisho J, kifungu cha 253, zinataka chuma cha kaboni kisicho na mshono kilichovutwa baridi, nguvu yake isiwe chini ya 350 MPa. Upinde mkuu nyuma ya viti uwe 45 × 2.5 mm au 50 × 2.0 mm. Mabomba mengine 38 × 2.5 au 40 × 2.0. Muuzaji akuoneshe cheti cha chuma hicho, na utunze nakala.

Mguu wa keji usilehemiwe moja kwa moja kwenye sakafu, bati la AE101 ni jembamba mno, mguu utalitoboa. Lehemu kwanza bamba la kuimarisha la mm 3 lenye eneo la angalau sentimita mraba 120 chini ya kila mguu wa upinde mkuu na wa mbele, likipanda pia kwenye ukuta wa pembeni, kisha boliti 3 za M8 daraja 8.8. Bomba likunjwe kwa mashine, baridi. Ukiona kunyanzi upande wa ndani wa kona, kataa kipande hicho.

Kabla ya kukata bomba la kwanza, mwite mkaguzi wa ufundi aone mchoro. Kubomoa keji iliyokwisha kulehemiwa ni hasara mara mbili.

Kiti na mikanda vina tarehe. Kiti cha FIA 8855-1999 ni miaka 5 tangu kutengenezwa, mikanda ya 8853-2016 ni miaka 10. Vya mtumba huwa bei rahisi kwa sababu tarehe imepita, kwa hiyo soma lebo kabla ya kutoa pesa. Mikanda ya mabega ishuke kidogo kuelekea nyuma, isizidi nyuzi 45 chini ya usawa; ikishuka zaidi, ajali ya mbele itakandamiza uti wa mgongo.

Mengine kwa kifupi: kizimamoto cha kilo 2 chenye mikanda ya chuma inayofunguka haraka, swichi ya kukata umeme inayofikika ndani na nje yenye alama ya radi nyekundu kwenye pembetatu ya bluu, ndoano za kuvutia mbele na nyuma zilizopakwa rangi kali, betri ifungwe kwa chuma. Ukishafunga swichi, ijaribu injini ikiwa inanguruma. Ikiendelea kunguruma umeme ukishakatwa, alteneta inailisha, na swichi inahitaji kuunganishwa upya.

---

Kona_Mbili

Nakubaliana na waliotangulia. Nyongeza yangu ni miguu ya gari.

Difu: usilehemu. Kwa gari linalovuta mbele, difu iliyolehemiwa inalazimisha magurudumu yote kuzunguka sawa hata kwenye kona, hivyo gari linasukuma moja kwa moja, usukani unapigana na mikono yako, na shafti hukatika pale tairi inapotua kutoka hewani. LSD ya helikali (difu inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure) ndiyo ya kuwekea akiba. Wakati unaisubiri, ondoa stabilaiza ya mbele (fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia): gurudumu la ndani linabaki chini zaidi na linapata mvuto. Nyuma baki na stabilaiza, na weka springi ngumu kidogo ili mkia ugeuke.

Usishushe gari. Marram yenye mashimo inataka safari ndefu ya springi, na shoki ikifika mwisho wake, bodi ndiyo inayopokea pigo. Nunua shoki za gesi zenye ugumu wa rali, na ongeza bamba juu ya mnara wa shoki wa mbele, pande zote mbili, kwa sababu AE101 huanza kupasuka pale.

Alaimenti ya kuanzia: kemba (mwinamo wa gurudumu) ya mbele hasi nyuzi 1 hadi 1.5, mbele magurudumu yafunguke nje mm 1 kila upande, nyuma sifuri. Gari likikataa kugeuka, fungua nyuma mm 1 kila upande kabla ya kugusa kitu kingine, na badilisha jambo moja tu kwa kila mbio. Tairi za changarawe, anza na psi 28 mbele na 26 nyuma. Ukishusha upepo sana, ukingo wa tairi unatoka kwenye rimu katikati ya kona.

Bamba la kulinda sampu: alumini mm 6, lifungwe kwenye kruzimemba (fremu ya chuma chini ya injini), lisiguse sampu. Acha nafasi ya sentimita 2 hivi, maana bamba likigusa, jiwe moja linapasua sampu kupitia bamba lenyewe. Vichwa vya boliti viingie ndani ya bamba, la sivyo mawe yatavikata.

---

Mpenda_Vumbi

Asanteni sana. Dada wa keji, nimeelewa, mabomba ya gereji hayataingia. Hendibreki: hii ya kebo itatosha kwa kona kali au nifunge ya haidroliki? Na kati ya raundi niangalie nini, muda ukiwa mfupi?

---

Kona_Mbili

Ya kebo inatosha kwa kuanzia. Fungua dramu, ondoa vumbi, rekebisha viatu vya breki hadi viguse kidogo sana, kisha ndipo ukaze kebo. Ukikaza kebo kwanza, viatu hukaa vibaya na pedali inakuwa ndefu. Ondoa ile pini inayofanya hendibreki ing'ang'anie juu, ili ukiachia irudi yenyewe. Mafuta ya breki weka DOT 4 mapya.

---

TE1_E1

Kati ya raundi: nati za magurudumu kwanza, Nm 103, hasa baada ya raundi ya kwanza na rimu mpya, kwa sababu rangi hubanwa na nati hulegea. Kisha raba za shafti za mbele. Iliyochanika utaiona kwa grisi iliyorushwa ndani ya rimu. Ifunge kwa plastiki na zip tai umalize siku, ila usiku huohuo shafti itoke. Halafu oili, maji injini ikiwa imepoa, na filta ya hewa. Petroli usiende chini ya robo tanki, kwenye kona itakimbia mdomo wa pampu na injini itakata. Ukibakiwa na muda, lala chini uangalie mounti ya injini ya mbele. Raba yake ikipasuka, injini inajirusha unapokanyaga na gia ya tatu inaanza kukataa kuingia, na watu hufungua gia boksi nzima bure.