Naomba ushauri: riwaya yangu ya kutisha kuhusu duka la mikopo imalizikeje?

Mwandishi wa Majengo
Wanajukwaa, habari za jioni. Nimekwama katika sura ya mwisho ya riwaya fupi ya kutisha, na usingizi umeanza kunikimbia kwa sababu natakiwa kuikabidhi Ijumaa. Hadithi inatokea hapa Moshi mwezi Desemba, msimu ambao sote tunaufahamu: magari kutoka Dar es Salaam yanapanda Marangu na Machame, na kila aliyerudi nyumbani anataka aonekane amerudi na kitu. Katikati ya mji linafunguliwa duka kubwa linalotoa kila kitu kwa mkopo, kuanzia jokofu hadi suti ya ibada ya Krismasi, na anayeshindwa marejesho hafuatwi na mgambo wala hapelekwi mahakamani. Anakutwa tu usiku ndani ya duka akipanga bidhaa kwenye rafu, macho wazi, akiwa na kibandiko cha bei nyuma ya sikio. Mhusika wangu mkuu ni mama muuza ndizi wa Mbuyuni aliyekopa jokofu. Je, alichome duka moto, au awe mhudumu wa kaunta na siku moja amkaribishe binti yake mwenyewe kwa maneno yale yale aliyokaribishwa nayo yeye?

Mama wa Kiborloni
Mwanangu, mimi si msomaji wa hadithi za misukule, lakini madeni nayajua. Mdogo wangu alichukua simu ya kulipia kidogo kidogo kila siku, na siku alipochelewa ilijifunga yenyewe mkononi mwake akiwa msibani, akashindwa kuwapigia ndugu waliokuwa njiani na jeneza. Tulikaa barabarani hadi giza likaingia, tukiwa hatujui wamefika Same au wamefika Himo. Waandikie vijana waache kukopa vitu wasivyovihitaji, hayo ya moto na kaunta hayatamsaidia mtu.

Msomaji wa Sakina
Nakusalimu kutoka Arusha. Ushauri wangu ni kwamba usichome duka, na sababu yake iko katika aina ya mfu uliyemchagua. Zombi wa Haiti, ambako imani hiyo ilikua kwenye kivuli cha utumwa wa mashamba ya miwa, alikuwa mfanyakazi: mtu aliyenyimwa hata haki ya kupumzika kaburini. Wamarekani walimgeuza kuwa mlaji. Katika Dawn of the Dead ya George A. Romero, filamu ya mwaka 1978 iliyopigwa ndani ya Monroeville Mall huko Pennsylvania, nyakati za usiku maduka yakiwa yamefungwa, wafu wanarudi madukani kwa sababu ya mazoea tu, na mtazamaji anacheka mpaka atambue kwamba mwendo ule ni wake wa Jumamosi. Msukule wetu bado ni mfanyakazi. Watu husimulia kwamba amekatwa ulimi, analishwa pumba na analima shamba la mwenzake usiku, huku nyumbani wakiamini kwamba walishamzika. Kwa hiyo ukimwiga mfu wa Marekani anayezurura dukani, utakuwa umeazima kejeli ya watu ambao tatizo lao ni wingi wa bidhaa. Sisi wengi wetu bidhaa tunaipata kwa deni. Msukule anayefanya kazi usiku kulipia jokofu alilolichukua mchana anaunganisha yote mawili, na hapo una kitu chako mwenyewe. Ulimi nao usikatwe kwa kisu. Mfanye atie saini fomu ambayo hakuisoma.

Mstaafu wa Ushirika
Ninyi vijana mnaogopa rafu zilizojaa. Mimi niliuza katika duka la ushirika mwanzoni mwa miaka ya 1980, na jambo lililotutisha lilikuwa rafu tupu kabisa, zilizofutwa vumbi kila asubuhi kana kwamba kuna kitu kinakuja. Watu walipanga foleni kwa kuona foleni, kisha ndipo wakauliza kinachouzwa. Msako wa wahujumu uchumi ulipokuja mwaka 1983, palikuwa na watu waliotupa sabuni na vitenge usiku kwa kuogopa kukutwa navyo. Asubuhi moja niliona mfereji ukitoa povu jeupe hadi ng'ambo ya barabara, na hakuna aliyethubutu kuinama kuchota. Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka uliofuata tuliona tumeokoka. Iwapo mama yako wa ndizi ana umri wa kukumbuka rafu zile, basi analo jibu zuri la kwa nini alikubali jokofu hilo, na msomaji hatamwona mjinga. Hilo ndilo linalokosekana katika maelezo yako.

Kijana wa Soweto
Kwa kodi ninayolipa hapa mjini, ningeomba nafasi ya kuwa msukule wa duka lenye kiyoyozi, mradi pumba iwe ya bure. Ila, mkuu, kuna jambo umelipita haraka. Waandishi ninaowafahamu hukaa na miswada miaka mingi bila mtu kuwauliza. Ni nani huyo anayeisubiri yako Ijumaa?

Mwandishi wa Majengo
Nawashukuru wote, hasa Mzee wetu Mstaafu, shikamoo. Kuhusu Ijumaa, yupo mfadhili wa uchapaji, na sikuona kama jambo hilo lina uhusiano na swali langu.

Kijana wa Soweto
Mfadhili anafanya shughuli gani?

Mwandishi wa Majengo
Anauza samani na vifaa vya umeme kwa mkopo. Naomba mnisikilize kabla ya kuhukumu. Hakuna mchapaji aliyekubali kuchapa riwaya ya mtu asiyejulikana bila fedha mkononi, na huyu amekubali kugharamia nakala zote ziwahi Desemba. Masharti yake ni mawili: duka la hadithini lisiungue, na ukurasa wa mwisho uwe na kuponi ya punguzo katika duka lake. Kama dalili ya nia njema ameshaniletea seti ya sofa. Sijaitoa nailoni, kwa sababu sijasaini, na watoto wanakaa chini kwenye mkeka wakiiangalia. Mbona wasanii wengine wanafadhiliwa na hakuna anayewasema? Hata Msomaji wa Sakina ameshauri duka lisiungue, tena bila kupewa sofa.

Msomaji wa Sakina
Naomba nisiingizwe. Nilitoa sababu za kisanaa.

Mama wa Kiborloni
Mwanangu, ulikuja kuomba ushauri ilhali mzigo uko sebuleni. Rudisha hiyo sofa kesho asubuhi, kabla mtoto hajaipasua nailoni.

Mkaguzi
Ndugu wanajukwaa, mnapotezewa muda. Akaunti hii imefunguliwa mwezi huu na haijawahi kuchangia uzi mwingine wowote. Mtu mwenye wasiwasi wa kweli hasimulii kibandiko cha bei nyuma ya sikio kwa ufundi huo, na sijapata kuona muuza samani wa Moshi akishusha sofa kwenye nyumba ya mtu ambaye hajaweka saini wala kutanguliza hata shilingi. Uzi huu ni tangazo la kitabu, na huenda sisi wenyewe ndio sura ya mwisho inayotafutwa.

Kijana wa Soweto
Basi nidai malipo yangu, kwa maana nimeshachekesha mara moja.

Mwandishi wa Majengo
Sina namna ya kuthibitisha zaidi ya kupiga picha ya sofa, na nikipiga mtasema nimeipiga dukani. Akaunti ni mpya kwa sababu ile ya zamani ina jina langu halisi, na mfadhili husoma jukwaa hili.

Mstaafu wa Ushirika
Mimi nimekaa na vitabu vya stoo muda mrefu, kwa hiyo nitauliza la stoo. Hati uliyopewa kusaini inataja bei ya sofa hiyo?

Mwandishi wa Majengo
Nimeisoma tena sasa hivi. Inataja idadi ya nakala, ukurasa wa kuponi na tarehe ya kukabidhi. Bei ya sofa haimo. Nilipomuuliza kwa simu alisema tutaelewana baada ya mauzo.

Mkaguzi
Naondoa shaka yangu, kwa kuwa mtunga uongo angejipatia mkataba wenye nafuu kidogo. Usisaini kabla bei haijaandikwa. Iwapo utasaini hata hivyo, jambo ambalo naliona wazi kabisa, naomba uulize kama kuponi hiyo itahusu na majokofu, au ni ya samani peke yake.