Ulinganisho: lami, maji, mitaro, taka au taa. Mgombea wa mji mdogo aanze na lipi?

Karani wa Kampeni (mtoa mada)

Wakuu, salaam. Nipo kwenye timu ya mgombea udiwani katika mji mdogo. Tunaandika kipeperushi cha kurasa mbili na tumekubaliana kibebe vipaumbele vitatu tu, maana ilani yenye mambo ishirini hakuna anayeikumbuka. Mezani kuna vitano: lami ya katikati ya mji, maji ya bomba, mitaro ya mvua, uzoaji taka na taa za barabarani. Mgombea anataka lami itangulie, kwa sababu kila anapopita anaulizwa lami. Mimi nasita.

Naomba tuvilinganishe kwa maswali haya: nani ananufaika, nani atalipia matunzo baada ya uzinduzi, na je, diwani ana uwezo nacho au anaahidi kitu kilicho mikononi mwa serikali kuu? Hilo la mwisho ndilo linanitia hofu zaidi.

Fundi Barabara

Lami isitangulie, na nasema hivyo nikiwa mtu wa lami.

Adui wa barabara ni maji. Yakituama pembeni yanapenya chini, tabaka la udongo linalainika, na gari zito likipita juu yake lami inaanza kupasuka. Shimo unaloliona juu lilianzia chini. Ndiyo maana lami isiyo na mitaro na kalvati (njia za kupitisha maji chini ya barabara) haimalizi misimu mingi ya mvua.

Halafu kuna uzito. Majaribio ya AASHO, chama cha maofisa wa barabara kuu wa Marekani, yaliyofanyika Illinois kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hupanda takribani kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli (mhimili unaobeba magurudumu). Ekseli yenye uzito maradufu huharibu kama mara 16. Sasa chukua mji mdogo uliowekewa lami nyembamba, malori ya mizigo yakaachiwa yakate katikati usiku na mchana. Fedha yote imekwenda. Kabla ya kuahidi lami, mgombea aahidi njia ya malori na maegesho yao nje ya katikati ya mji. Hayo ni mambo ya sheria ndogo na vibao, hayahitaji mkopo.

Barabara ya changarawe iliyoinuliwa mgongo ili maji yateremke pande zote mbili, yenye mitaro inayozibuliwa kabla ya mvua, itawafaa watu kuliko lami mbovu. Nimeyaona yote mawili.

Mkaazi wa Pembezoni

Ndugu fundi, kwa heshima, hapo mnaidharau lami. Anayeishi kilomita chache nje ya mji anajua maana ya barabara kufungwa na tope. Mama mjamzito anabebwa kwa pikipiki usiku, mazao yanaozea shambani kwa sababu gari la mnunuzi limegoma kushuka bondeni. Vumbi nalo linaingia ndani hadi kwenye chakula cha watoto. Watu hawaulizi lami kwa kupenda urembo. Wanauliza njia.

Fundi Barabara

Umesema neno kubwa: njia. Basi ahadi iandikwe hivyo. Katika barabara ya kilomita kumi, mara nyingi kinachofunga safari ni sehemu chache tu: kivuko kisicho na kalvati, mlima wenye utelezi, bonde linalojaa maji. Ukijenga sehemu hizo kwa zege au mawe na kuacha kwingine changarawe, barabara inapitika mwaka mzima kwa sehemu ya gharama ya lami. Mgombea azitaje sehemu hizo moja moja, kwa majina ambayo wakazi wanayatumia. Hapo atakuwa amemjibu yule mama.

Mtu wa Maji

Mimi naweka maji juu ya yote, na nitaeleza kwa nini hata aliyekwisha kuunganishiwa bomba anahusika.

Maji yanayotoka kwa mgao si maji nusu, ni hatari kamili. Bomba likiwa halina msukumo, maji machafu ya nje hupenya kwenye nyufa na viungo, na maji yakirudi yanayabeba hadi jikoni. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na koki uani na bado akaugua tumbo.

Wagombea wengi hapa hukimbilia kuahidi chanzo kipya, kisima kirefu, tanki jipya. Swali la kwanza lingekuwa: maji tuliyonayo yanapotelea wapi? Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, mwaka 1993 ulikuwa unapoteza takribani asilimia 72 ya maji yake kwa uvujaji, wizi na matumizi yasiyotozwa ankara. Mamlaka ya maji ilifunga mita, ikasaka uvujaji, ikaanza kuwadai hata wakubwa waliozoea kutolipa, na kufikia miaka ya mwisho ya 2000 upotevu ulikuwa umeshuka hadi karibu asilimia 6. Ule ni mji mkubwa na ulipata misaada, nakubali, lakini mita na ufuatiliaji wa uvujaji vinafaa mji wa saizi yoyote.

Kuhusu uwezo wa diwani: sehemu nyingi maji yana mamlaka yake. Diwani hawezi kuahidi kuyaleta yeye. Anaweza kuahidi kuidai taarifa ya upotevu kila robo mwaka na kuisoma mbele ya wananchi. Hiyo ni ahadi ndogo kuitamka na nzito kuitekeleza.

Na tafadhali, mabomba yatangulie lami. Barabara mpya kukatwa ili kupitisha bomba ni jambo linaloumiza moyo kabisa.

Mhasibu Mstaafu

Nimesoma nikiwa na swali moja: mwaka wa pili analipa nani? Fedha ya kujenga hupatikana, kwa ruzuku au mfadhili. Fedha ya kutunza hutoka kwenye ushuru na kodi za hapo hapo mjini, na ndipo miradi mingi hufia.

Kwa kigezo hicho, taka ndiyo kipaumbele kinachodharauliwa kuliko vyote. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2018 kwamba katika nchi za kipato cha chini uzoaji taka hula karibu asilimia 20 ya bajeti ya serikali za mitaa, wastani. Huo ni mzigo wa kila wiki, hauna uzinduzi wala utepe wa kukata. Habari njema ni kwamba zaidi ya nusu ya taka katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni mabaki ya chakula na majani. Mji ukitenga hizo sokoni na kuzigeuza mboji, safari za lori kwenda dampo zinapungua sana.

Taka na mitaro msivitenganishe, wakuu. Mtaro uliojaa chupa na mifuko si mtaro tena, mvua moja tu maji yako sebuleni mwa watu. Viandikwe kama kipaumbele kimoja, na nafasi moja kwenye kipeperushi itabaki wazi.

Zamu ya Usiku

Nafasi hiyo iwe ya taa. Mimi hutoka kazini saa nne usiku, nami najua wanawake wanaofunga biashara mapema kwa hofu ya njia ya kurudi. Mwaka 2016 kulifanyika jaribio katika makazi ya umma ya New York: maeneo yaliyowekewa taa kali yakalinganishwa na yasiyowekewa. Uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ulipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Najua New York si mji mdogo, lakini giza ni giza.

Siombi taa mji mzima. Njia ya kutoka stendi hadi sokoni, njia ya zahanati na kivuko cha miguu. Basi.

Mhasibu Mstaafu

Dada, naunga mkono, kwa sharti. Taa za LED hula karibu nusu ya umeme wa zile za zamani za sodiamu, hivyo ankara inabebeka. Za sola hazina ankara lakini betri inachakaa baada ya miaka kadhaa, na kama hakuna fungu la kuibadilisha mtabaki na nguzo. Mgombea aeleze fungu hilo litatoka ushuru upi.

Mzee wa Mikutano

Wanangu, mmelinganisha miradi vizuri. Mimi naongeza jinsi ya kuichagua, kwa sababu sisi humu hatuishi mji huo.

Porto Alegre, Brazili, tangu 1989 wakazi walianza kukaa kwenye mikutano ya mitaa na kuamua sehemu ya bajeti ya uwekezaji iende wapi. Hawakuchagua vitu vya fahari. Walichagua maji, majitaka na barabara za mitaa ya maskini, na nyumba zilizounganishwa zikapanda kutoka takribani asilimia 75 mwaka 1988 hadi 98 mwaka 1997.

Karibu na sisi kuna Uganda. Uchunguzi ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilipokea wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku iliyotengwa kwa ajili yao. Serikali ilipoanza kutangaza magazetini na kubandika shuleni kiasi kilichotumwa, sehemu inayofika ikapanda sana. Karatasi ukutani! Diwani hahitaji ruhusa ya waziri kubandika kiasi cha fedha kilichoingia kwenye kata, mkandarasi ni nani na kazi inaisha lini. Hilo nalipenda kuliko yote mliyoyasema.

Karani wa Kampeni (mtoa mada)

Nimemsomea mgombea mada yote jioni hii. Amekubali hivi: kwanza, mitaro na taka kwa pamoja, kazi ikianza kabla ya mvua. Pili, sehemu tatu zinazofunga barabara, tutazitaja kwa majina, pamoja na njia ya malori. Tatu, taa kwenye njia za stendi, soko na zahanati. Maji yanaingia kama dai la taarifa kila robo mwaka, si kama ahadi ya kuyaleta. Bango la fedha linakwenda ukurasa wa kwanza, juu ya vyote. Lami ameiondoa, ingawa ana wasiwasi ataulizwa.

Mkaazi wa Pembezoni

Ataulizwa, na asikwepe. Aje na mchoro wa zile sehemu tatu, asimame kwenye ile mbaya kuliko zote, afanyie mkutano hapo hapo.

Mtu wa Maji

Na kabla hajachimba mtaro wowote aombe ramani ya mabomba. Kama haipo, kuitengeneza iwe kazi ya mwezi wa kwanza.