Tupeane uzoefu: uliyempeleka mtoto chekechea ya Montessori, yalikukuta yapi?

MamaKimara
Wapendwa, habari za jioni. Leo nimeingia duka la vifaa vya shule Kariakoo kununua chupa ya maji ya mtoto, nikauona juu ya kabati ule mnara wa Montessori wa vipande kumi vya mbao vya rangi ya waridi, kikubwa chini, kidogo kama dadu kileleni. Nikakumbuka mambo, nikashindwa hata kupatana bei.

Mwanangu wa kwanza alianza chekechea ya kawaida hapa mtaani akiwa na miaka 3 na miezi 2. Wiki ya pili akaja na homuweki: aandike a kurasa mbili. Namshika mkono, tunaandika wote, machozi yanadondokea daftari. Sasa yuko darasa la tatu. Hesabu za kichwa anakimbia nazo, lakini umwambie aandike, tumbo linamuuma. Kweli linamuuma, si kudeka, tumeshampeleka hospitali mara mbili.

Mdogo wake anatimiza miaka 3 Novemba. Kuna Montessori moja njia ya Mbezi, zile chekechea ambazo mtoto anajifunza kwa kushika vifaa mwenyewe, ada 1,900,000 kwa mwaka, basi unalipia mbali. Chekechea ya hapa jirani ni 45,000 kwa mwezi, uji humo humo. Baba yake anasema Montessori ni jina tu la kutolea watu hela. Mimi sijui. Mliopeleka, mtoto alikuwaje? Semeni hata mabaya, hasa mabaya.

Kisamvu_cha_Nazi
Nimekaa hapa nasubiri. Na mimi wangu anaanza shule Januari.

BabaWawili
Dada, mumeo yuko sahihi. Niliitembelea moja nikaoneshwa mtoto anamimina maharage kutoka jagi hili kwenda jagi lile. Nusu saa nzima. Nikauliza masomo yanaanza saa ngapi, nikaambiwa ndiyo haya. Maharage wangu anachambua na bibi yake bure. Sisi tulihesabu kwa vizibo vya soda chini ya mwembe, na leo nasoma ramani za majengo bila kubabaika. Hizo ni shule za wenye nazo.

Mwalimu_wa_Milimani
Kaka BabaWawili, nimefundisha awali miaka 11, mafunzo nilipata kwa masista, niruhusu nijibu. Vizibo vyako vya soda ndiyo Montessori yenyewe. Mtoto anaishika kumi kabla ya kuiandika. Sisi tunatumia shanga: moja iko peke yake, kumi zimetungwa kwenye waya, mia ni mraba, elfu ni mchemraba wa kubeba kwa mikono miwili. Mtoto wa miaka 5 akiitoa ile elfu rafuni na kuifikisha kwenye mkeka wake, huna haja ya kumfundisha tena kwamba elfu inaishinda mia.

Maharage nayo yana kazi. Vidole vinavyobana mpini wa jagi ndivyo vitakavyobana kalamu. Baadaye inakuja herufi iliyokatwa kwa msasa, anaipapasa kwa vidole huku anatamka sauti yake, anaichora kwenye sinia la mchanga, ndipo kalamu. Mtoto wa MamaKimara alipewa kalamu kabla ya mkono. Hilo ndilo lililomuumiza, na wewe mama usijilaumu, hakuna aliyekwambia.

Halafu hili la wenye nazo. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto tarehe 6 Januari 1907 mtaa wa San Lorenzo, Roma, kwa ajili ya watoto wa vibarua waliokuwa wanashinda peke yao wazazi wakiwa kazini. Kwetu hapa wengi tumeijua kwa masista, kwenye chekechea za parokia, mtoto anakuja na kikombe chake cha uji. Hizo ada za mamilioni zimekuja na mji.

Kisamvu_cha_Nazi
"Kalamu kabla ya mkono." Mwalimu umenigusa. Leo hii nimemnyang'anya wangu daftari, nimempa bakuli la choroko.

Tausi_Mbagala
Nilisema nisiandike, nimeshindwa.

Wangu alikuwa na miaka 3 na nusu. Getini pameandikwa Montessori kwa herufi za rangi rangi, na kipepeo mkubwa kachorwa ukutani. Siku ya kuandikisha tulipitishwa ofisini kwa mkuu. Kabati la kioo, ndani mnara wa waridi, mitungi midogo ya mbao kwenye vitundu vyake, shanga, vyote vinang'aa. Nikajua nimefika. Nilikuwa nauza vitenge, nikachomoa hela ya mzigo nikalipa mihula miwili kwa mkupuo.

Mwezi wa kwanza alikuwa mchangamfu. Wa pili akaanza kukojoa kitandani, na alikuwa ameshaacha. Nikaulizia shuleni, nikaambiwa anadeka kwa kuwa ni wa pekee. Ikafika mahali akisikia honi ya basi anakaza miguu mlangoni, tunambeba kama gunia. Dada wa nyumbani akaniambia, "Mama, huyu akicheza na midoli anaipanga mstari, anailaza kifudifudi, anaiambia lala, lala, nisisikie mtu." Nikampuuza. Jamani, nilimpuuza yule binti.

Alhamisi moja mzigo wangu ukachelewa bandarini, nikapata nafasi, nikaenda bila kupiga simu. Mlinzi akasema wazazi wanaruhusiwa Ijumaa tu. Nikamwambia naleta dawa ya mtoto, nikapita. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Kimya, nikadhani wametolewa matembezi. Nikachungulia dirishani.

Watoto 41. Niliwahesabu, na usiku nikikosa usingizi huwa nawahesabu tena. Madawati yote yameelekea ubaoni, ubaoni 1 mpaka 50. Wote wamelaza vichwa mezani, mikono nyuma, na mwalimu mmoja yuko mlangoni anaongea na simu, fimbo ya mpera kwapani. Wangu alikuwa safu ya tatu. Hakuwa amelala. Alikuwa ananitazama, macho yametoka, na hakunyanyua kichwa. Mtoto wa umri ule anamwona mama yake dirishani na hathubutu kumwita! Chini ya kiti chake palikuwa pamelowa, maji yanafuata mstari wa sakafu mpaka kwenye viatu vya mwenzake.

Nilimfunga mgongoni kwa kanga vile vile, sare imelowa. Nikapita ofisini, nikaomba lile kabati la kioo lifunguliwe. Ufunguo haukujulikana uko wapi. Ndipo nikasogea karibu nikaona: vile vifaa bado vina nailoni ya dukani, na vumbi limekaa juu ya nailoni.

Ada haikurudi, na mzigo wa vitenge niliukosa. Siku nne mtoto hakusema neno jingine zaidi ya "naomba kukojoa", anaomba ruhusa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kisamvu_cha_Nazi
Nimelia. Pole mama.

BabaWawili
Pole sana dada yangu. Kwa hili sina la kubisha.

Simba_wa_Ukonga
Taja jina la shule. Leo, hapa hapa. Kuna watoto wengine wamelazwa vichwa mezani sasa hivi tunavyoongea.

Wakili_wa_Kona
Asitaje kitu. Akitaja bila ushahidi mkononi, kesi inamgeukia yeye. Njia ipo: wathibiti ubora wa shule, afisa elimu, na Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Simba_wa_Ukonga
Njia ipo, njia ipo, huku watoto wanachapwa. Wewe una mtoto?

Wakili_wa_Kona
Ninao watatu, na mmoja alichapwa hadi kidole kikavimba. Nilifuata njia hiyo hiyo ninayoisema na mwalimu akaondolewa. Usinifundishe uchungu.

Tausi_Mbagala
Ndugu zangu msigombane kwa ajili yangu. Sitataja. Niliripoti kwa maandishi, wakaja wakakagua, mengine nimemwachia Mungu.

Kilichofuata nakisema kwa sababu ya MamaKimara. Baada ya miezi miwili nyumbani, jirani akanipeleka chekechea ya masista. Nilishaapa kwamba neno Montessori silitaki kulisikia. Sista hakumuuliza jina wala hakumwambia kaa. Alimpa beseni dogo, sponji na kipande cha sabuni, akamwonesha mara moja, taratibu, bila maneno, namna ya kuosha meza. Basi, mtoto akawa anaosha meza. Kesho yake meza ile ile. Wiki tatu hakugusa kingine, nikaanza kunung'unika, Sista akaniambia mwache amalize. Siku ya kumi na sita akaja mtoto mdogo kuliko yeye akamwaga uji pale juu. Wangu akamwambia, "Usilie, mimi najua kuosha." Sista alinipigia simu nikiwa sokoni kunieleza. Nilikaa chini kwenye magunia.

Mama_Mvita
Dada Tausi, Mwenyezi Mungu amkuze akuone. Mie niko Mombasa. Huku madarasa ya awali ni PP1 na PP2, na za Montessori zipo, ila karo ilinishinda. Nikafanya nyumbani: pojo na mbaazi kwenye sinia moja azitenge, vikombe vya kahawa amimine maji, shanga zangu za zamani azitunge kumi kumi. Mkeka wa ukili nikautandika, nikamwambia hapa ndipo pako pa kazi, ukimaliza ukunje. Sasa nyanyake akija akikalia ule mkeka anaambiwa, "Nyanya, hapo pana kazi."

Baba_Kumekucha
Mimi nitasema upande mwingine, na si kwa ubaya. Wangu alikaa Montessori ya kweli miaka mitatu, aliipenda, na mpaka leo viatu vyake anavipanga kwa mstari. Tatizo lilikuja kwenye usaili wa darasa la kwanza, hizi shule za Kiingereza. Akapewa karatasi yenye maswali 30, dakika 40. Akaichukua karatasi, akavua sweta, akalitandika sakafuni, akakaa hapo na kuanza kazi. Alifika swali la 9 muda ukaisha, yote tisa sahihi. Tukaambiwa hana nidhamu, arudie mwaka. Usiku ule mke wangu hakula.

Kwa hiyo ushauri wangu: mwaka wa mwisho mhamishe, azoee dawati na saa.

Mwalimu_wa_Milimani
Hapana jamani, mwaka wa mwisho usimtoe. Tunachanganya wa miaka 3 mpaka 6 chumba kimoja kwa makusudi. Miaka miwili anaangalia wakubwa, wa tatu yeye ndiye mkubwa, anawaonesha wadogo, na hapo ndipo yote aliyoyashika kwa mikono yanakaa kichwani. Ukimtoa mapema umelipia kupanda, mavuno umewaachia wengine. Hayo ya dawati na saa mzoesheni nyumbani wiki chache kabla ya usaili.

Baba_Kumekucha
Mwalimu, nakuheshimu, lakini kwenye chumba cha usaili hukuwepo. Nilikuwepo mimi.

Simba_wa_Ukonga
Kosa ni la usaili. Mtoto wa miaka 6 maswali 30 ya nini? Shule ya msingi ya serikali ina darasa la awali, haina ada, na haimfanyii mtoto usaili.

BabaWawili
Na wako 140 darasani. Tuseme yote.

Baba_Kumekucha
Huko huko ndiko tulikompeleka. Yuko la nne sasa, anaendelea vizuri.

Bibi_Harusi_wa_Zamani
Mimi ni bibi, nalea wajukuu wawili. Nendeni shuleni saa tatu asubuhi bila taarifa, mkae nusu saa bila kuongea. Tazameni watoto, ofisi achaneni nayo. Na choo. Mtoto akienda chooni bila kuomba, hapo pazuri.

Mwalimu_wa_Milimani
Bibi kanimalizia kazi. Niongeze moja: jina Montessori halina mwenyewe, yeyote anaweza kuliandika getini. Uliza mwalimu wa darasa kasomea wapi na cheti kiko wapi. Mwalimu, si mkuu. Halafu pitisha kidole kwenye vifaa. Herufi za msasa zinazotumika huwa zimeliwa kingo.

MamaKimara
Nimerudi. Samahani kwa kukaa kimya, nimesoma yote, ya Tausi nimemsomea baba yake kwa sauti.

Jana tumekwenda wote wawili, saa tatu na robo, bila kupiga simu. Walitukaribisha, wakatupa viti vidogo pembeni. Watoto 24, walimu wawili. Hakuna aliyetugeukia. Kuna wa kiume aliupanga ule mnara wa waridi, ukaanguka, akaupanga, ukaanguka, mara ya tatu akagundua mwenyewe kipande kilichokosewa. Mwalimu alikuwa hatua mbili kutoka pale na hakusema neno. Mume wangu alinishika mkono. Nilipapasa herufi za msasa, m imelika mpaka karatasi inaonekana. Watoto wawili walikwenda chooni, hakuna aliyeomba.

Mwanangu mdogo alikaa mapajani kwangu dakika kumi hivi, akashuka, akaenda kuchukua jagi. Wakati wa kuondoka alikataa kuliachia.

Ada bado ni ile ile. Baba yake anasema tukiahirisha kupiga lipu chumba cha nyuma inawezekana, tunalala tukipiga hesabu. Kinachonikwamisha sasa ni basi: linapita kwetu saa kumi na moja na nusu alfajiri, na mtoto ndiyo kwanza anatimiza miaka 3. Mliopo Kimara mnafanyaje?

Kisamvu_cha_Nazi
MamaKimara, mimi nipo Kimara Korogwe na bajaji ya kaka yangu inakwenda Mbezi kila siku saa moja. Njoo tuongee pembeni.