Nyaturu iko Nairobi, Shengena iko Nairobi. Mwanza tumebaki na nini?

Wakuu, mnivumilie, nina jazba. Hayo ni majina ya vichwa vya treni vya mvuke vilivyotunzwa makumbusho ya reli Nairobi.

Mtaani kwetu Igogo kuna mzee mstaafu wa reli. Enzi zake alikuwa msaidizi wa dereva kwenye vichwa vya mvuke, Tabora–Mwanza. Chini ya kitanda anatunza taa ya ishara iliyogongwa herufi EAR (East African Railways, reli ya pamoja ya Afrika Mashariki), kopo la oili lenye mdomo mrefu, na kitabu cha ratiba ambacho panya wameshaonja pembe zake. Anataka kuvitoa bure, vitunzwe. Nikamsindikiza ofisi moja, jina naliacha. Wakatuambia tulete barua ya serikali ya mtaa. Tukaleta. Tukaambiwa mhusika yuko semina Dodoma. Mwisho wa yote kijana wa mapokezi, tena kwa nia njema kabisa, akamwambia: "Mzee, hiyo ina shaba, si uipeleke kwa wa vyuma chakavu wakupimie kilo?" Mzee hakujibu kitu. Alifunga kiroba chake akatoka.

Sasa kinachonichoma ni hiki. Makumbusho ya Reli ya Nairobi yalifunguliwa 1971, wakati reli ilikuwa moja, ya Kenya, Uganda na Tanzania. Yaani yalizaliwa yakiwa yetu sote. 1977 Jumuiya ikavunjika, tukabaki na TRC yetu, shirika la reli la Tanzania, makumbusho yakabaki kwa jirani. Simlaumu Mkenya hata kidogo. Katunza mpaka lile behewa ambamo simba alimchomoa afisa wa polisi Ryall pale Kima mwaka 1900.

Ila soma vibao vya vichwa vilivyosimama pale. 5918 Mount Gelai. 5930 Mount Shengena. Gelai iko Longido, Shengena iko Upare! Hizo ni Garratt, vichwa vikubwa vya mvuke, za class 59: zilijengwa 34 kule Manchester, 1955 na 1956, tani 252 kila moja, na kwenye reli ya upana wa mita moja hakuna kichwa cha mvuke kilichowahi kuzizidi ukubwa. Atatokea mjuaji aseme zilipiga kazi Mombasa–Nairobi, huku hazikuja. Sawa. Na 3020 Nyaturu je? Wanyaturu walihama lini Singida?

Halafu angalia kwetu. Reli imefika Mwanza 1928 ikitokea Tabora. Imebeba pamba ya Usukuma, imebeba babu zetu, na pale bandari ya Mwanza South mabehewa yalikuwa yanaingia mazima mazima ndani ya meli kuvuka ziwa. Leo mtoto wa shule hapa mjini hana pa kwenda kugusa hata gurudumu. Bujora, pale Kisesa, ngoma za watemi zinatunzwa tangu miaka ya 1950, na kazi hiyo aliianzisha padri. Reli yenye karakana na mainjinia inashindwaje na kabati moja?

Msinielewe vibaya kuhusu SGR, reli mpya ya kisasa. Mwanza–Isaka, kilomita 341, ikikamilika nitakuwa kwenye foleni ya tiketi. Wasiwasi wangu ni hii ya zamani. Siku treni mpya ikianza, mabehewa mabovu yatakuwa takataka, na watu wa mitungi ya gesi, wakata vyuma chakavu, hawahitaji kuelekezwa njia.

2028 reli inatimiza miaka 100 Mwanza. Najua itakavyokuwa: mahema, fulana, hotuba, mgeni rasmi kachelewa saa tatu. Mimi sitaki fulana. Nataka chumba kimoja pale stesheni, behewa moja la zamani lipigwe rangi liwekwe nje, na kabati la kioo lenye kufuli na mtu anayelipwa kulifungua. Garratt wabaki nazo.

Wenye wazee wa reli Malampaka, Shinyanga, Isaka, Bukene, wekeni hapa picha za mlivyo navyo, tuanze orodha wenyewe. Na wewe unayetaka kuandika "nenda Nairobi ukaone", tanguliza nauli.